MSANIFU HUANZA NA MTU



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wanafunzi wapenzi pamoja na wazazi wetu, mwaka huu nimeombwa niandike juu ya kazi yangu ya asubuhi. Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya jioni, yaani kusomesha. Lakini kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhana ya Adhuhuri mimi ni msanifu. Nachora nembo, napanga kurasa za vitabu, natengeneza mabango, kadi na vibandiko. Hata jarida hili mlilolishika, kurasa zake nimezipanga mimi.

Kila mwaka wanafunzi wa darasa la juu huniuliza maswali mawili. La kwanza: Ustadhi, kazi hii inalipa? La pili: Ni lazima mtu ajue kuchora? Na liko la tatu, ambalo huulizwa na wazazi zaidi kuliko watoto: Hivi kweli kupamba makaratasi ni kazi ya mtu mzima?

Maswali mawili ya mwanzo nitayajibu kwa ufupi. La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jibu lake ni kwamba usanifu si kupamba. Kupamba ni sehemu yake ndogo, tena huja mwishoni. Usanifu ni kutatua tatizo la mtu, na huwezi kutatua tatizo la mtu ambaye hujamtazama.

NILIVYOINGIA KATIKA KAZI HII

Nilianza mwaka 2012, nikiwa bado nasomea stashahada ya masomo ya Kiislamu. Ada ilikuwa haijatimia. Jirani yetu mmoja alikuwa na duka la steshenari hapa Ngamiani, akitoa fotokopi, kuchapa barua na kuuza madaftari, naye akanipa kibarua cha kuchapa. Dukani mlikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa na programu za CorelDRAW na Photoshop, na hapakuwa na mtu aliyezitumia. Basi kila siku tukishafunga hesabu nilibaki saa moja nikijifundisha. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kadi ya mwaliko wa akdi ya binti wa mtaani kwetu. Mama yake aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mara tatu, akanilipa papo hapo. Siku ile nilijua nimepata ufundi.

Mwaka 2014 nilimaliza stashahada, nikaanza kusomesha hapa madrasa, na asubuhi nikaanza kufanya kazi za kujitegemea kwa kompyuta ya mpakato niliyoinunua kwa mtu. Kujitegemea kuna raha yake, kwani huna wa kukufokea ukichelewa. Lakini pia huna mshahara. Kila kazi ikiisha unaanza upya kutafuta nyingine. Na kazi zetu zina misimu kama ya mvua. Shaabani na Mfunguo Mosi harusi hupandana. Kabla ya Ramadhani kila msikiti unataka ratiba ya daku na futari. Mfunguo Sita ni mabango ya Maulidi. Januari ni vitambulisho na sare za shule. Baada ya hapo huja miezi ambayo simu hailii kabisa, na mwenye nyumba anataka kodi yake vilevile.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba kazi inalipa, ila hailipi kwa mpangilio, na asiyejua kuweka akiba itamtesa. Kwa wanaotaka kuijaribu, haya ndiyo niliyojifunza katika miaka ile:

1. Andikianeni, hata kama mteja ni mjomba wako. Andikeni aina ya kazi, idadi, siku ya kukabidhi, bei, na kazi itarekebishwa mara ngapi bila malipo ya ziada. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Kuandikiana hakuonyeshi kwamba hamwaminiani. Kunaulinda undugu wenu.

2. Pokea nusu ya malipo kabla ya kuanza. Kadi iliyochapwa jina la bwana harusi huwezi kumuuzia mtu mwingine.

3. Usichukue kazi ya mwenzako. Picha iliyo kwenye intaneti ina mwenyewe kama vile embe la shambani lina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999.

4. Fikiri kazi yako itaishia wapi. Wateja wengi wanapenda Bismillahi kwa herufi za Kiarabu juu ya kadi, na kadi baada ya harusi hutupwa. Mimi humweleza mteja hilo kabla, naye huamua. Wengi huniambia hawakuwahi kulifikiria.

Jibu la swali la pili ni fupi zaidi. Kuchora kunasaidia, lakini nimewaona wachoraji hodari wakishindwa kazi hii, na wasiojua kuchora hata kikombe wakiiweza. Kinachotakiwa zaidi ni jicho la kumwona mtu mwingine na subira ya kumsikiliza. Hili la kumwona mtu nililielewa vizuri zaidi kwa kazi moja ambayo nataka niieleze kwa urefu.

MWENYE KULIPA NA MWENYE KUTUMIA

Katika kazi za kujitegemea, msemaji mkuu ni mwenye kulipa. Atakwambia weka rangi nyekundu, kuza picha yangu, ongeza maua. Unaongeza, analipa, mnaagana. Mtu atakayelisoma bango lile barabarani hakuwepo mlipokuwa mnapatana, wala hakuna aliyemuuliza. Kwenye kadi ya harusi jambo hilo halina madhara makubwa. Lakini kuna kazi ambazo mwenye kutumia akisahauliwa, mtu anaumia.

Mwaka 2019, mwezi wa Shaabani, mwenye zahanati moja ya binafsi aliniita. Alikuwa na shida ya kweli. Wagonjwa wake walikuwa wakirudi na vidonge vilivyobaki, au vimewaishia kabla ya siku zake, na wengine hali zao zilikuwa hazitengemai. Alitaka bango kubwa la ukutani: nembo ya zahanati, picha yake, na kwa herufi nyekundu maneno ya kuwataka watu wameze dawa kama walivyoelekezwa. Alikuwa na nia njema, na bei aliyonitajia ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi ya siku moja.

Nilimwomba jambo moja tu, aniruhusu niketi asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa, karibu na dirisha la dawa. Alishangaa, lakini akakubali.

Nilichokiona asubuhi ile ni hiki. Dirisha ni dogo, na dada anayetoa dawa anasema haraka kwa sababu foleni inasukumana. Vidonge anavitia ndani ya bahasha ndogo nyeupe, na juu yake anaandika kwa kalamu: 1 x 3, au 2 x 2. Mgonjwa anaitikia, anaondoka. Ukutani tayari yalikuwepo mabango saba, niliyahesabu. Kwa muda wote niliokaa pale sikumwona mtu aliyeinua macho kuyasoma.

Bibi mmoja alikuja kukaa karibu yangu akipanga bahasha zake kwenye upindo wa khanga. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, hapa wamekuandikia nini?"

Akaisogeza bahasha mbali na macho. "Si tatu hizi? Nameza tatu."

"Kwa mara moja?"

"Ndiyo. Nikitoka hapo nimemaliza."

Nilimwomba arudi naye dirishani tukaulize, na dada yule akamweleza upya. Baada ya bibi nilizungumza na mzee mmoja, akanicheka. Akasema hiyo ni hesabu ya shule, na yeye shule yake ilikuwa msahafu. Mama mmoja wa makamo alijua vizuri kwamba ni kidonge kimoja mara tatu, lakini alikuwa akimeza mara mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wameniambia baada ya kula. Nami kwa siku nakula mara mbili." Mwingine alikuwa na bahasha tatu zinazofanana, na usiku nyumbani kwake hakuna umeme. Huzitambua kwa kuzipapasa, iliyojaa na iliyopungua.

Nilirudi nyumbani nikafungua kabati la mama yangu mzazi. Mama anaugua presha na sukari. Bahasha zake zilikuwa mle ndani, nyeupe, zinafanana, zimeandikwa vilevile. Sikulala mapema usiku ule.

Kesho yake nilimwambia mwenye zahanati niliyoyaona. Nikamweleza kwamba tatizo haliko ukutani, liko juu ya bahasha. Bango hata liwe zuri namna gani, bibi yule halitamfikia. Akanijibu kwa upole, "Ustadhi, mimi nimekuita uchore. Sikukuita utibu." Akasema atalipia bango, na cha zaidi ya hapo hana fungu lake.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, nichore bango, nipokee haki yangu, niendelee na kadi za harusi zilizokuwa zikinisubiri. Ya pili, niifanye kazi ya bahasha kwa gharama yangu. Nilichukua ya pili, na bango nikamchorea vilevile kwa kuwa ndilo tulilopatana. Kadi za watu wawili nikaziachia mwenzangu mwingine azifanye. Mwezi ule kodi ya nyumba niliilipa kwa kuchelewa, na mke wangu aliyajua yote haya kabla sijaamua.

KAZI YENYEWE ILIVYOKUWA

Nilianza kwa dada wa dirishani, kwani naye ni mwenye kutumia. Aliniambia wazi, "Ukiniletea kitu cha kujaza dakika nzima sitakitumia. Wewe mwenyewe umeiona foleni." Hapo nikapata sharti la kwanza: kiwe cha sekunde chache. Sharti la pili lilitoka kwa wagonjwa: kisihitaji kusoma. La tatu lilikuwa langu: kiwe rahisi kwa bei, zahanati isije ikakiacha pesa zikikosekana.

Nilichora vyumba vinne vidogo mstarini, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Asubuhi nikaweka jua linalochomoza, mchana jua kamili, jioni jua linalozama, usiku mwezi mwandamo. Michoro ya namna hii utaikuta katika vitabu vingi, lakini mchoro hauaminiwi mpaka uulizwe mbele ya watu. Nikaanza kuwaonyesha majirani, na wazazi waliokuja kuchukua watoto hapa madrasa. Simuulizi mtu kama ni mzuri. Namuuliza, "Hapa pamekwambia ufanye nini?"

Majibu yalinifundisha zaidi ya kitabu. Jua linalochomoza na linalozama kwao lilikuwa moja, jua nusu. Mzee mmoja alidhani anaambiwa asizianike dawa juani. Mwingine alipouona mwezi mwandamo akaniuliza kama dawa hii ni ya kunywa Ramadhani. Ndipo bibi mmoja, ambaye hajui kusoma wala kuandika, akaniambia, "Mwanangu, weka jogoo. Jogoo nani hamjui?"

Nikaweka jogoo. Mchana likabaki jua la utosini, na chini yake mtu aliyekanyaga kivuli chake. Jioni nikaweka taa iliyowashwa. Usiku nikaweka kitanda. Nikazunguka tena kwa watu wengine ambao hawakuwa wameiona michoro ya mwanzo, nao wakaisoma bila kusaidiwa. Idadi ya vidonge tulikubaliana iwe duara za kalamu ndani ya chumba: kidonge kimoja duara moja, nusu kidonge nusu duara. Daktari wa zahanati aliipitia kazi yote, kwa sababu saa na kiasi cha dawa ni mambo yake, si ya msanifu. Yule mama anayekula mara mbili naye alihitaji daktari, wala mchoro usingemtosha. Kwa hiyo dirishani likaongezwa swali moja: Nyumbani mnakula mara ngapi?

Ikabaki bei. Kuchapisha bahasha mpya kiwandani kulikuwa ghali. Nikaenda kwa fundi mihuri, akanichongea muhuri wa mpira wenye vyumba vile vinne. Asubuhi kabla ya kufungua dirisha, dada anagonga muhuri kwenye bahasha za siku nzima. Mgonjwa akija, anatia duara tu. Kisha anamwomba mgonjwa aeleze mwenyewe atamezaje. Hili la mwisho halikuwa geni kwangu, kwani ndivyo tunavyosomesha hapa: mwalimu husoma, mwanafunzi hurudia, na bila kurudia hatujui kama kimeingia.

Nilirudi kukaa kwenye benchi lile. Mama mmoja mtu mzima alipokea bahasha yake, akaweka kidole juu ya jogoo, akasema, "Hii nikiamka." Akasogeza kidole hadi kitandani. "Hii ya kulalia." Kisha akatoka.

Mwenye zahanati alilipia muhuri ule na akaagiza mingine miwili. Bango lake nalo alilitundika, likawa la nane. Nami nikachukua bahasha chache zilizogongwa muhuri nikampelekea mama, na daktari wake akamjazia.

NJIA HII INA JINA

Baadaye katika kusoma nilikuta kwamba njia hii ina jina na ina wataalamu wake. Inaitwa usanifu unaomweka mtu katikati. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango chake cha kwanza cha usanifu wa aina hii mwaka 1999 kwa ajili ya mifumo ya kompyuta, kisha likatoa kipya mwaka 2010. Lakini wazo lenyewe ni pana kuliko kompyuta. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa India. Waliokatika miguu walikuwa wakipewa miguu ya bandia iliyosanifiwa kwa maisha ya Ulaya, migumu, ya kuvaliwa na kiatu. Mtu hawezi kuchuchumaa nayo, hawezi kukunja miguu akakaa mkekani, wala kutembea peku shambani. Wengi waliiacha nyumbani wakarudi kwenye magongo. Mwaka 1968, katika mji wa Jaipur, fundi Ram Chandra Sharma na daktari wa mifupa P. K. Sethi walitengeneza mguu wa mpira unaopinda, usiohitaji kiatu na wa bei nafuu. Walianza kwa kutazama watu wa pale wanavyoishi. Sisi tunaochuchumaa kutia udhu na kukaa chini kusali tunaweza kuelewa upesi faida ya mguu ule.

Wa pili ni wa jirani zetu Kenya. Mwaka 2005 yalifanyika majaribio ya kutumia simu ili wakopaji wadogo walipe marejesho ya mikopo yao. Walioendesha majaribio waliona watu wakiitumia huduma ile kwa jambo jingine, kutumiana pesa wao kwa wao. Badala ya kuwazuia, walilifanya hilo ndilo msingi wa huduma. M-Pesa ikazinduliwa mwezi Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Leo hata michango ya madrasa yetu hufika kwa simu.

Wa tatu ni wa kutahadharisha. Huko kusini mwa Afrika ilibuniwa pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka. Watoto wacheze, maji yapande tangini. Mwaka 2006 zilitangazwa fedha nyingi, na lengo likawa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Kwenye picha ilipendeza sana. Vijijini, watoto walichoka au walikuwa shule, na kina mama, hata wazee, wakalazimika kuizungusha bembea kwa mikono. Ilikuwa kazi nzito, na wengine waliona haya. Mahali pengine pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi iling'olewa ili kuipisha. Ikiharibika, fundi alikawia. Mpango ule mkubwa ulisimama kabla ya kufikia lengo. Waliolipa walikuwa mbali, na aliyebeba ndoo hakuulizwa vya kutosha.

MFANO ULIO MIKONONI MWETU

Wanafunzi wapenzi, msidhani jambo hili limezuka Ulaya au kwenye kompyuta. Fungueni msahafu.

Mwandiko wa Kiarabu wa zamani haukuwa na alama za irabu. Aliyezaliwa na lugha hakuzihitaji. Uislamu ulipoenea kwa watu wa lugha nyingine, wengi wakawa wanakosea kusoma. Abul Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, aliweka nukta za rangi kuonyesha irabu: juu ya herufi, chini yake, au pembeni. Katika karne ya 8 Miladia, Khalil bin Ahmad al-Farahidi akaziboresha kuwa alama tunazozijua leo. Fataha, kasra, dhumma na shada mnazozikariri kila jioni ziliwekwa kwa kumfikiria msomaji aliye mgeni wa lugha, yaani mtu kama mimi na wewe.

Kisha tazameni Msahafu wa Madina, uliopangwa kwa mwandiko wa Uthman Taha, mzaliwa wa Syria. Kurasa zake ni 604, karibu kila ukurasa mistari 15, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Juzuu nyingi huchukua kurasa 20. Kwa mwenye kuhifadhi, mpangilio huo ni msaada mkubwa. Somo lake la siku lina mwanzo na mwisho palepale ukurasani, na jicho lake hukumbuka aya iko juu au chini, kulia au kushoto. Mpangilio huo umemjali anayehifadhi kabla ya kujali mapambo ya pembezoni.

HATUA TANO KWA ANAYETAKA KUANZA

Mwanafunzi anayetaka kuijaribu njia hii hahitaji kompyuta. Daftari na penseli vinatosha.

1. Tazama. Kaa mahali kitu kinapotumika, unyamaze. Andika watu wanachofanya, si wanachosema kwamba wanafanya.

2. Uliza kwa adabu. Anza na salamu, jieleze, na usimfanye mtu aone kwamba unampima akili. Kama bibi hakuielewa bahasha, mwenye upungufu ni bahasha.

3. Chora rasimu nyingi kwa haraka, tena kwenye karatasi chakavu. Rasimu iliyokugharimu siku tatu utaionea uchungu kuitupa.

4. Jaribu kwa wenyewe. Usiulize "mnaipenda?" kwani kwa heshima watasema ndiyo. Uliza "hapa ungefanya nini?"

5. Rekebisha, ujaribu tena kwa watu wengine. Kisha rudi baada ya mwezi uone kama bado kinatumika.

Mnaweza kuanza hapahapa. Tazameni birika letu la udhu wakati wa Alasiri: nani hafikii bomba, nani anateleza, viatu vinapotea wapi. Tazameni watoto wa darasa la kwanza wanaoketi nyuma, kama ubao wanauona. Atakayeniletea michoro baada ya likizo, nitaketi naye.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu, mtoto akipenda kuchora au kukaa kwenye kompyuta akipanga maneno na picha, msimkatishe tamaa kwa kudhani anacheza. Muulizeni swali moja tu: Hiki unachokitengeneza ni cha nani, na umemuuliza? Akiwa na jibu, basi yuko kazini. Akiwa hana, mpelekeni kwa bibi yake akaulize.

Bado ninafanya kazi za kujitegemea, na kadi za harusi bado ndizo zinazonilisha miezi mingi. Sizidharau. Kilichobadilika ni kwamba mteja akija, baada ya kupatana bei namuuliza nani atakisoma au kukitumia, na kama naweza kuonana naye. Wapo wanaokataa, nami nawafanyia walichoagiza kwa uaminifu. Wanaokubali ndio wanaonifundisha kazi.

Namuomba Allah (S.W.) azijaalie elimu zetu ziwe za manufaa kwa waja wake, awape shifaa wagonjwa wetu, na awazidishie wazazi na walimu subira. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.